Nani Siku Hizi Atamwita Mtoto Wayua?

Mwanangu alifika Kalamba mchana, suruali ameikunja hadi magotini, matope yamemkaukia miguuni, na kabla hata hajanywa maji akaniambia kwamba mke wake amejifungua mtoto msichana kule Kanyangi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, kisha nikangoja. Kwetu, mama wa mwanamume akiambiwa kwamba mjukuu wake wa kwanza wa kike amezaliwa, hana haja ya kuuliza ataitwa nani, kwa sababu ataitwa jina lake yeye. Nilingoja nilisikie jina langu, naye akawa anaangalia mvua. Mwaka huu mvua imekataa kabisa kwenda kwao, wewe mwenyewe umeona. Mwishowe akasema, "Mama, usikasirike. Yeye anataka Cynthia."

"Cynthia ni nani?" nikauliza.

Sikukasirika, au nilijiambia hivyo. Nilichukua ungo wa ndengu nikaanza kuchagua mawe, na baada ya muda nikagundua nilikuwa nikitupa ndengu na kubakiza mawe. Nikauweka chini. Nikatoka kuwaangalia mbuzi ambao nilikuwa nimetoka kuwaangalia, nikarudi, nikachochea moto uliokuwa ukiwaka vizuri. Nimekuwa hivyo tangu siku hiyo, sikai mahali pamoja. Jina lenyewe ni Wayua. Kama hujui Kikamba, Wayua ni msichana aliyezaliwa wakati wa njaa. Ni jina nililolichukia karibu utoto wangu wote, rafiki yangu, na sasa mtu mmoja tu amelikataa, najiona kama niliyeondolewa kiti nikiwa katikati ya kukikalia.

Na ningekuwa na watoto wengi, ningesema atakuja mwingine. Mungu alinipa huyo mmoja. Mtoto wake wa kwanza wa kike ndiye wangu kwa jina, na akifuata mwingine huyo ni wa upande wa mama yake. Likinipita hapo limenipita.

Majina yetu ya zamani ya wasichana hayakujua kubembeleza mtu. Ulizaliwa mvua ikinyesha, wewe ni Mumbua. Mama yako alishikwa na uchungu njiani, wewe ni Nzilani, na utaeleza habari ya njia hiyo mpaka uzeeke. Nyumba ilikuwa na wageni, Mueni. Kulikuwa na vita, Syokau. Ungesimama kisimani asubuhi ukasikia wasichana wakiitana, ukawa umepata habari zote za kijiji za miaka mingi, za mvua na za vita. Sasa nenda sokoni usikilize akina mama wadogo wakiita watoto wao. Cynthia, Tracy, Sharon, Brenda. Ni majina matamu mdomoni, sikatai, lakini hutajua kama siku hiyo kulinyesha.

Mimi nilizaliwa na kulelewa Kanyangi, ng'ambo ya mto Athi, nikasoma huko miaka ile ya sitini. Mama yake baba tulimwita susu, maana ndivyo watoto wa Ukambani wanavyomwita nyanya, naye alikuwa na nyumba yake karibu na ghala. Yeye ndiye Wayua niliyepewa jina lake. Usimfikirie bibi kizee mpole wa kutoa hadithi. Susu alikuwa mkali, ugoro puani na maneno mdomoni, na hakuna siku aliyokubali kwamba muthokoi umetwangwa vizuri. Yale mahindi yaliyokobolewa kwenye kinu na kupikwa na mbaazi, sisi tulikuwa tukiyameza moto moto, yeye aliyatafuna polepole akitafuta ganda. Akilipata alilitoa mdomoni, akaliweka juu ya jiwe mbele ya mama yangu, akaendelea kula.

Kuitwa jina lake kulinifanya niwe yeye, na nyumbani hakuna aliyelichukua kama mchezo. Baba aliniita mwaitu, yaani mama, tangu sijaota meno. Akirudi kutoka shambani aliniuliza nyumbani mmeshindaje, akanyamaza kusubiri jibu kama mtu mbele ya mkubwa wake, nami nilikuwa na kamasi puani. Mama naye alikuwa mke wa mwanangu. Hakunipiga hata mara moja, kwa sababu nani atampiga mama mkwe? Wadogo zangu walichapwa, na nasikitika kusema kwamba wakati mwingine walichapwa kwa mambo niliyoyafanya mimi mbele ya macho ya wote.

Lakini heshima hiyo ilikuwa na kazi yake. Mama hangeweza kumjibu susu uso kwa uso, ilikuwa ni aibu kubwa, kwa hiyo alimjibia kwangu. Lile ganda likishawekwa juu ya jiwe, mama alinigeukia mimi niliyekuwa nimejikalia nikila. "Wewe Wayua, kama chakula changu kina maganda, kesho si ushike mchi mwenyewe?" Na susu alikuwa akisikia kila neno. Alinusa ugoro wake, akanigeukia pia. "Usimjibu, mwenzangu. Amechoka tu." Nilikuwa nikigombezwa na kutetewa katika ugomvi ambao haukunihusu, na muthokoi unapoa.

Shuleni mambo yalikuwa mengine. Binti wa jirani yetu ndiye aliyeanzisha mchezo ule. Tukikaa chini kula tulichobeba, akiniona nakuja alifunika chakula chake kwa mikono miwili akaita, "Ficheni, Wayua anakuja." Basi darasa zima lilifunika. Hata waliokuwa wamemaliza walifunika mikebe mitupu. Nilicheka nao, ungefanya nini, lakini nilianza kwenda kula peke yangu nyuma ya choo cha walimu. Ilipofika wakati wa kubatizwa, mwalimu akatuambia kila mmoja achague jina, na majina ya nyumbani yabaki nyumbani. Nilichagua Tabitha. Nilirudi nikiruka njia nzima.

"Tabitha ni nani?" susu akauliza.

"Ni mimi."

"Alizaliwa lini hapa? Nani alimkata kitovu?"

Wiki hiyo nzima nikiomba chakula alijifanya haoni mtu. "Mwambieni Tabitha aende kwa nyanya yake, atakuwa amemwekea." Baba alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nililia, kisha nikaitika Wayua, nikapewa uji.

Halafu mvua ikakosa. Ilikosa msimu mmoja, watu wakasema itakuja, ikakosa tena. Visima tunavyochimba kwenye mchanga wa mto vilizidi kwenda chini, mpaka ikawa mtu anashuka shimoni na mwingine anapokea maji juu, kata kwa kata. Muthokoi ukaisha. Uji ukawa mwepesi, unaona chini ya kikombe. Zamani tulishinda shambani tukifukuza ndege kwenye mtama kwa kelele na mawe, na tulikuwa tukichukia kazi hiyo. Mwaka huo hata ndege hawakuja, na ule ukimya ulinisumbua. Sijui kama umewahi kuishi na watu wenye njaa. Hawatulii. Mtu anakaa, anainuka, anaenda kuangalia njia, anarudi, hajui alikuwa akiangalia nini. Wakati huohuo habari zikaja kwamba shangazi yangu, aliyeolewa Tseikuru kwa wafugaji, ni mgonjwa. Susu akachukua fimbo yake akaenda kumwona bintiye.

Sasa lazima nikwambie habari ya kibuyu. Ndani ya ghala kulikuwa na kibuyu kikubwa kilichozibwa kwa gunzi la hindi. Kila mavuno, kabla mtu yeyote hajala cha mwaka huo, susu alikijaza mtama uliochanganywa na majivu wadudu wasiuingie. Hakikuwa chetu. Mama yake susu alimzaa akiwa njiani kutafuta chakula, nyumbani kwa watu asiowajua hata jina, na watu wale wakampimia mtama. Kwa hiyo, alisema susu, Wayua yeyote ana kazi moja duniani, kuweka kitu kwa ajili ya atakayekuja. Anakijaza yeye, na anakifungua yeye. Mtu mwingine hakigusi, hata kama wa nyumbani wamelala na njaa. Na mwaka huo tulikuwa tunalala nayo.

Jirani yetu alikuja asubuhi, na bintiye nyuma yake, yule yule wa mchezo. Alibeba kiondo kitupu. Walisalimia, wakakaa. Akaongea na mama habari za kanisa, za mguu wa mume wake, za ng'ombe waliokufa. Hakuomba. Kwetu mtu haombi, anakaa tu, na wewe unajua. Mama alijibu kila kitu kwa upole, mpaka habari zikaisha.

Akainuka akaja mlangoni nilipokuwa nimesimama. Hakuniita Tabitha, wala hakuniita kama mtu anavyomwita mtoto wake. Aliinamisha kichwa kidogo, akatumia ile sauti yake ya kuongea na susu.

"Mama mkwe," akasema, "tufungue?"

Nilidhani ananitania. Kisha nikamwangalia usoni nikaelewa, nikaogopa. Mama alitaka niseme hapana. Alikuwa na watoto wadogo ndani ambao hawajala tangu jana, na neno langu likiwa hapana, basi ni Wayua aliyekataa, na yeye hana lawama. Nikisema ndiyo, atatii. Mwanamke mzima, mama yangu mwenyewe, alisimama pale akisubiri kuamuliwa na mtoto wa shule ya msingi, kwa sababu ya jina.

Nilimtazama yule msichana. Alikuwa akiangalia miguu yake. Ningependa kukwambia kwamba nilimwonea huruma. Ukweli ni kwamba nilishikwa na hasira, nikataka abebe kichwani mtama mwingi mpaka shingo imuume, na njia nzima ajue ni nani aliyempa. Nikasema, "Tufungue."

Niliingia ghalani nikachomoa lile gunzi. Nilichota kwa kata, na kila kata niliiacha na kilima juu, punje zikiteremka pembeni, nikamimina katika kiondo mpaka yule mama akasema inatosha, mwanangu, inatosha. Mama yangu alikuwa akiangalia kila punje. Jioni alinipa uji mimi wa kwanza, kama alivyompa susu, ila kikombe changu kilikuwa kidogo sawa na cha wengine. Yule msichana hakunishukuru, wala hatukuwa marafiki baadaye, lakini ule mchezo wa kuficha uliisha. Na sisi tulilala na njaa siku nyingi zaidi. Kuna siku nililala nikimchukia susu na jina lake kuliko siku zote za shule.

Susu aliporudi kutoka Tseikuru, mwembamba kama fimbo yake, aliambiwa yote. Akaniita nyumbani kwake. Hakuniuliza kwa nini nilifungua.

"Uliacha kilima au ulifuta?"

"Niliacha kilima."

Alinusa ugoro, akapiga chafya, akajilaza kwenye ngozi yake. Nami nikatoka nikaenda kuteka maji. Lakini tangu siku hiyo sikumwambia tena mtu yeyote pale nyumbani kwamba mimi ni Tabitha.

Alikufa kabla sijaolewa. Kibuyu kikawa changu, nikavuka nacho Athi kuja Kalamba, na hapa nilikijaza kila mavuno, wakwe zangu wakidhani nina wazimu kidogo. Mwaka ule wa njaa, wa mahindi ya manjano ya msaada, nilikifungua mapema, kikaisha mapema. Baadaye watu waliacha kuja kukaa na kuongea habari za ng'ombe. Chakula kilikuja kwa malori, ukapanga foleni, ukapimiwa na kijana asiyekujua wala asiyetaka kukujua. Ghala zenyewe zimeisha. Watu wanaweka magunia sebuleni, nyuma ya kochi. Naendelea kukijaza kibuyu, lakini sikumbuki mara ya mwisho mtu alipokuja.

Juzi nikashindwa kuvumilia. Nilikiteremsha, kimejaa mtama wa mwaka jana, nikapanda lori lililobeba machungwa likielekea upande wa Kitui. Njia nzima nilikuwa nikipanga hotuba. Nilipanga kumwambia mke wa mwanangu kwamba Cynthia hajui alizaliwa lini wala wapi. Nilipanga kumwambia kwamba mtoto akiwa Wayua, mwanangu atamwita mwaitu, naye mwenyewe hataweza kumpiga. Nilipanga hata kumkumbusha, kwa upole lakini asikie, nyumba hii ni ya nani.

Mwanangu amepanga chumba cha mabati pale pale sokoni Kanyangi, si mbali na palipokuwa boma letu. Kila mahali ni kijani, maji yanatiririka barabarani. Nilimkuta mama mtoto amekaa kitandani, ana mtoto kifuani. Ni msichana wa Mutomo, mtaratibu, na mpaka siku hiyo sikuwa nimemsikia akinipinga.

"Mama, najua imekuleta nini," akasema baada ya salamu.

"Nimekuja kuona mtoto."

"Umekuja juu ya jina."

Basi nikatoa hotuba yangu. Niliitoa yote, hata ile ya nyumba ni ya nani, ingawa kwa sauti ya chini kuliko nilivyopanga. Alinisikiliza hadi mwisho, akimpapasa mtoto mgongo.

"Mama, mimi si kwamba nadharau," akasema. "Mwaka ule wa yale mahindi ya manjano nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka. Tulikuwa na ndugu yetu mchanga. Mama alimbeba mgongoni akaenda kupanga laini ya chakula. Alirudi jioni bado amembeba. Mtoto alikuwa ameshakufa huko kwa laini, na mama hakutaka tumfungue. Alisonga ugali na yeye mgongoni." Akamfunika mtoto wake vizuri. "Siwezi, mama. Siwezi kuiita njaa kila asubuhi niiambie njoo unywe uji."

Nilikuwa nimejiandaa kujibu mambo ya fasheni. Nilijua cha kumwambia mtu anayeona aibu, kwa sababu mimi mwenyewe niliona aibu hiyo na nikapona. Lakini hii haikuwa aibu. Nilimpokea mtoto. Alikuwa amekunja uso, anatafunatafuna kitu ambacho hakipo, na naapa alikuwa akitafuta ganda. Nilimshika nikiona uchungu ambao sikutegemea, maana alikuwa susu mzima, na nilijua nitakalosema.

"Mwite Cynthia," nikasema.

Kibuyu nilikiacha. Sikumweleza habari zake zozote. Nilisema tu ni mtama, upikiwe uji wa mzazi, akasema asante mama.

Watu wengine kanisani wanasema majina ya zamani yarudi, kwamba watoto wetu wamekuwa watoto wa redio. Mimi nasema yarudi. Halafu namkumbuka yule mama wa Mutomo akisonga ugali na mtoto wake mgongoni, nasema mengine yapumzike. Halafu najiuliza, yakipumzika, ile kazi itafanywa na nani, na hapo naenda tena kuwaangalia mbuzi. Nikifa, Wayua ameisha. Mwanangu hatakuwa na mtoto wa kumwita mwaitu. Sijaridhika, na nisingependa kukudanganya kwamba nimeridhika.

Niliposimama niondoke aliniambia siwezi kutoka mikono mitupu. Nikamwambia akae, mzazi hainuki kwa ajili ya mgeni. Akainuka tu, polepole, ameshika kiuno, akafunua ndoo yake ya unga, nami niliona kwamba haikuwa imejaa sana. Alichota kwa kikombe. Nilisubiri apitishe kiganja juu, kama anavyofanya kila mtu siku hizi, kama yule kijana wa foleni. Hakupitisha. Aliacha kilima, unga ukimwagika kwenye kanga yake, akamimina kwenye mfuko, akachota tena, akaacha kilima.

Sikuwa nimemwambia. Nilipokea ule mfuko kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa kidogo, nikashika njia ya mtoni na unga wangu kwapani, na jina langu likiwa bado langu peke yangu.